Kisima cha Itundwe na Fungu Lililokatwa

Siku waliponiaga ofisini Tabora walinipikia pilau, wakanikabidhi saa ya ukutani, kisha bwana mmoja akasimama kuishukuru serikali kwa ukarimu wake wa kuwapelekea wanavijiji maji. Ukarimu! Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni, nikakitema kwenye leso. Mke wangu alinifinya chini ya meza, na ndiyo sababu pekee sikusimama. Lakini hasira ile nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo, nikaamka nayo. Basi mliponiomba, vijana mliobaki pale, niandike machache kuhusu kazi yetu, nikaona heri niiweke hapa kuliko kuendelea kuwafokea wajukuu. Vyeo nilivyopanda havitawafaa kitu, nitaviacha. Saa yenyewe inachelewa.

Jina langu ni Yeremia Kapaya, mtoto wa wakulima wa Kimoravian kusini mwa Tabora. Shule ya misheni ilinipa Kiingereza cha kutosha kutafsiri, nami nikadhani kimenitosha kukaa kitini maisha yangu yote. Siku ya kwanza kazini nilivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Ofisi ilikuwa banda la bati nyuma ya stesheni ya reli. Kwa jina refu iliitwa Ofisi ya Maendeleo ya Vijiji vya Magharibi, lakini watu walituita Watu wa Maji. Mlangoni nilimkuta mtu mnene, mfupi, kofia ya kazi imemkaa kichwani kama imeota pale. Huyo alikuwa Fundi Mabruki, Mmanyema wa mjini Tabora, mkuu wa wachimbaji wa visima.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiye mimi."

"Vizuri. Kila anayeajiriwa hapa hushuka kwanza. Vua hiyo nguo ya harusi."

Walinipeleka kwenye kisima kilichokuwa kinachimbwa nyuma ya soko, wakanikalisha juu ya kijiti kilichofungwa kwenye kamba ya katani, wakaniteremsha. Mbingu ikawa ndogo kama sahani. Niliposikia sauti ya Mabruki kutoka juu, ilikuwa kama anasema ndani ya kifua changu.

"Gusa ukuta. Ukoje?"

"Una unyevu, Fundi. Unamomonyoka."

"Mchanga au udongo?"

"Mchanga."

"Hapo ulipo ndipo watu hufia. Sasa panda, ukanywe chai."

Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa na hotuba. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kushuka alipitisha kamba yote viganjani mwake, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Aliteremsha taa ya chemli iliyowashwa. Ikizimika, hakuna kushuka, hewa ya chini ni mbaya. Alining'iniza timazi katikati ya shimo kuona kama ukuta umeanza kwenda upande. Na kwenye mchanga alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka tukamwigiza: usichimbe chini ya ukuta usiojengwa. Mnachimba kidogo, mnashusha kalibu za chuma, zile fremu za duara, mnamwaga zege, pete inakauka, ndipo mnachimba tena. Ni kazi ya taratibu, inayokera. Asiyeipenda akafanye kazi nyingine, kwa mfano ya kutoa hotuba kwenye sherehe za kustaafu.

Niwaambie ofisi ile ilikuwa nini hasa, maana naona hata ninyi mnaanza kuisahau. Kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iendayo Ujiji, palikuwa na visima vya wakati wa wapagazi, vingi vimejaa takataka na nyoka. Vijiji vilivyozaliwa kando ya njia ile vilibaki, misafara ilipokwisha maji yakabaki ya kutafuta. Sisi tulikuwa na lori moja, winchi moja, seti mbili za kalibu na mafundi waliojua udongo wa huku. Kijiji kilitoa mikono, kokoto, mchanga na chakula cha mafundi. Serikali ilitoa saruji, vyuma, petroli na mishahara. Maji yakipatikana, tulijenga na daraja dogo la mto wa masika, au tuliezeka zahanati, kisha tukasonga kijiji cha mbele. Hakuna kijiji kilichoomba kufanyiwa bure. Na hakuna kijiji duniani kinachoweza kununua winchi ya kutumia kiangazi kimoja. Jambo hili ni rahisi, mtoto wa darasa la kwanza analielewa. Nimelieleza kwa wakubwa maisha yangu yote ya kazi.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yalibadilika. Kule magharibi serikali ilifungua mashamba makubwa ya karanga, na tulikaa kando ya barabara tukihesabu matrekta mpaka tukachoka kuhesabu. Mashine zilizong'oa miti kama mtu anavyong'oa magugu zilipita mbele ya banda letu, sisi tukiwa tunashona mfuko wa saruji uliochanika. Simlaumu aliyepanda karanga. Nasema tu kwamba serikali iliyosemekana haina fedha, ilikuwa nazo.

Ni kiangazi cha matrekta hayo tulipokuwa Itundwe.

Itundwe ni kijiji cha Wanyamwezi kwenye njia ile ya zamani, magharibi ya Tabora. Wanawake walichota maji mbugani, kwenye madimbwi waliyogombea na ng'ombe. Aliyekuja ofisini kutuita hakuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa mwanamke, jina lake Kalunde, mke wa mkulima aitwaye Masanja. Alisimama mlangoni, akatusalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," akakaa chini kabla hajakaribishwa, akatangaza kwamba hataondoka bila mtu wa kupima. Mabruki alimpenda papo hapo. Tulipoanza kuchimba, Kalunde ndiye aliyewapanga wanawake kwa zamu kubeba kokoto kutoka mlimani, na mumewe ndiye aliyekuwa mchimbaji hodari kuliko wote. Masanja alikuwa mpole, mtu wa kucheka kwa mabega bila sauti. Akipanda juu akiwa amejaa tope, mkewe alimuuliza mbele za watu, "Umeyaleta?" naye akajibu, "Yamesema yanakuja." Kijiji kizima kilicheka kila siku kwa maneno yale yale.

Tulikuwa tumefika kwenye mchanga, na chini ya pete ya mwisho ukuta umeanza kutoa unyevu mzuri, lori lilipofika. Tulidhani limeleta saruji. Alishuka msimamizi wa vifaa kutoka Tabora na askari wawili, akaniita pembeni.

"Fungu la ofisi yenu limekatwa," alisema. "Nimetumwa kuchukua winchi na kalibu zote."

"Limekatwa lini?"

"Karani, mimi nimetumwa vyuma. Maswali peleka Tabora."

Mabruki alisikia. Alikwenda akakaa juu ya winchi, miguu imening'inia. "Kijana wangu," alimwambia yule msimamizi, "shimo hili liko nusu. Lililo nusu ni baya kuliko lisilokuwapo. Nipe wiki mbili nimalize pete, kisha chukua vyuma na mimi mwenyewe."

"Sina amri hiyo, mzee."

"Anayo nani?"

Msimamizi aliwapungia askari mkono. Askari walimwinua Mabruki kwa adabu, nakubali, kwa adabu kabisa, kama wanaomwinua bibi harusi. Wakapakia. Mabruki alikata magogo ya mninga akayapanga juu ya mdomo wa kisima, akazungusha miiba, akamwambia mwanangwa na Masanja mbele ya watu wote: mtu asishuke mpaka tutakaporudi. Kalunde aliniuliza, "Mtarudi?" Nikasema tutarudi. Niliamini nilichosema.

Tabora tulikuta banda limefungwa kwa kufuli mpya. Bwana wa Fedha wa jimbo, Mwingereza mwembamba mwenye sauti laini, alitueleza kwamba ofisi za maendeleo sasa zitategemea vijiji vyenyewe. Serikali ingebaki kushauri. Nilimuuliza itashauri nini kuhusu kamba iliyooza. Alitabasamu. Alikuwa mtu wa kutabasamu.

Kiangazi kikakaza. Madimbwi ya mbugani yakawa tope, watoto wa Itundwe wakaanza kuhara, na ninyi mnajua maana yake. Mtu anayesikia maji chini ya miguu yake huku mwanawe analegea, mwambie asubiri barua kutoka Tabora! Masanja na kaka yake waliondoa magogo. Walichimba kwa jembe lililokatwa mpini, Masanja chini, kaka yake juu akivuta karai la mchanga. Siku chache walipata maji ya tope, kijiji kikanywa. Kisha ukuta uliokuwa chini ya pete ukaingia ndani.

Alikuja mtu kwa baiskeli, midomo imemkauka, akanikuta nyumbani kwa Mabruki nikiwa naye. Masanja amefukiwa, akasema, lakini yu hai. Anagonga karai. Wanamsikia.

Mabruki alisimama. "Kalibu," alisema. "Nikipata kalibu naweza kushuka nikizishindilia pembeni, mchanga hautanifuata. Nenda kwa Bwana wako. Mimi natafuta gari."

Nilikwenda mbio. Nilimkuta Bwana wa Fedha mezani pake. Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote, kile cha misheni na kile nilichojifunza kwake mwenyewe. Alinisikiliza vizuri sana.

"Inasikitisha," alisema. "Lakini vifaa vile vimeshapangiwa idara nyingine. Sina madaraka ya kuvitoa. Mkuu wa ghala yuko safarini."

"Bwana, mtu yuko hai chini ya ardhi."

"Nimekuelewa, Yeremia. Leta maombi, nitayapeleka leo hii hii."

"Ufunguo uko pale ukutani, Bwana. Nauona."

"Yeremia," akasema, na hapo sauti yake haikuwa laini tena, "usinifanye nisahau ulivyotumika vizuri."

Kutoka dirisha lile kalibu zilionekana. Zilikuwa zimeegemezwa ukuta wa ghala, zimepigwa rangi mpya. Mpaka leo nikiona chuma kilichopakwa rangi ya kijivu, meno yananiuma.

Aliyetusaidia alikuwa Bwana Seif, mfanyabiashara wa asali na nta wa pale mjini, ambaye babu zake walitoka Omani. Mabruki alimkuta dukani. Bwana Seif aliwaamuru wapagazi wake washushe mitungi ya asali kutoka kwenye lori, wapakie mbao zote alizokuwa nazo, na zilipoonekana chache akang'oa rafu za duka. Akaendesha mwenyewe.

Itundwe tulimkuta Kalunde amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, kichwa kimeingia ndani, anazungumza na mumewe kwa Kinyamwezi. Alimwambia habari za mbuzi. Alimwambia jirani fulani amepika ugali mbichi, watu wameukataa. Kutoka chini ulisikika mgongo wa karai: ko, ko. Watu wote walikuwa kimya ili asikie anavyojibiwa.

Mabruki alishuka. Hakuwa kijana tena na mwili wake ulikuwa mzito, lakini hakumruhusu mwingine. Tulimteremshia ubao mmoja mmoja, naye akausimamisha ukutani na kuukaza kwa kabari. Ubao si kalibu. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya, na mchanga wenye maji unapita popote panapopita hewa. Alichokichota kwa karai kilirudi nyuma ya mgongo wake. Mara mbili tulimvuta akiwa amezama mpaka kiunoni, mara mbili alishuka tena. Kalunde aliendelea kuzungumza. Kisha nikamwona amenyamaza, ameinua mkono ili nasi tunyamaze zaidi, ingawa tulikuwa kimya tayari. Alisubiri. Akaita jina la mumewe. Akasubiri tena.

Tulimtoa Masanja kesho yake. Alikuwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka pale Mabruki alipofika. Mabruki alimfuta uso kwa kofia yake, ile ambayo sikuwahi kumwona bila kuivaa, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake.

Mtemi wa eneo lile alidai baraza, nalo likakaa Tabora. Wanangwa wa vijiji vya njia ya zamani walikuja wote, na Kalunde akaja na nguo ya msiba. Bwana wa Fedha alizungumza, na mimi ndiye niliyetafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa. Sikuongeza neno wala kupunguza. Sikuona haja.

"Bwana anasema serikali inasikitika," nilitafsiri. "Anasema kisima kilifunikwa, na aliyekifungua alijifungulia hatari mwenyewe. Anasema ofisi hii haitarudishiwa fungu. Watu wakipewa kila kitu, hawathamini. Mtu huthamini alicholipia."

Nilipofika hapo Kalunde alisimama.

"Mwambie nimekwisha kulipia."

Nikatafsiri. Bwana wa Fedha alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Mwambie tena," Kalunde akasema. "Kodi ya kichwa ya Masanja ililipwa kila mwaka, aliuza karanga zetu kulipa. Kokoto nilibeba mimi. Shimo alichimba yeye. Chuma peke yake ndicho kilikuwa chenu, mkaja kukichukua. Muulize, kule kwingine walikopelekewa matrekta, wao walilipia nini?"

Nilitafsiri kila neno, na swali nililitafsiri mara mbili. Mtemi alichukua fimbo yake, akatoka nje bila kuaga, na wanangwa wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na karatasi mezani ya vijiji kukubali kubeba gharama zote. Hakuna aliyeitia kidole gumba. Baada ya hapo kila afisa aliyekwenda kijijini kuomba watu wa kutengeneza barabara aliambiwa kwa upole kwamba barabara nayo ijitegemee. Miezi ikapita hivyo. Mwisho fungu likarudi, pungufu, kwa masharti ya kuombwa upya kila mwaka.

Kalibu zilirudi Itundwe kwa lori lile lile. Mabruki alishuka akamaliza pete, maji yakatoka matamu, akajaza mtungi wa kwanza akampelekea Kalunde nyumbani. Alipokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo Mabruki aliacha kazi, na hakuishi muda mrefu.

Mimi nilibaki, na sasa nawaambia jambo lililonichoma kuliko yote. Kila mwaka ulipofika wakati wa kuomba fungu, wakubwa waliniambia, "Yeremia, weka ile habari ya ajali. Inasaidia." Nami nikaiweka. Bwana wa Fedha yule alihamishwa, akaja mwingine, akaja mwingine, na kila mmoja nilimfukulia Masanja ili visima vichimbwe. Kazi ya kuwapa watu maji ilihitaji maiti kila mwaka, na kwa kuwa nilikataa kumpata mpya, nilimtumia yule yule. Idara za polisi haziombi hivyo. Gereza halikuandika hadithi ya huzuni ili lipewe kufuli.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja afisa mpya wa fedha, na safari hii ni Mwafrika, kijana msomi kutoka chuo cha juu, suti imemkaa vizuri. Wazungu wanafungasha, nchi inakuwa yetu, nilifurahi mpaka nikanunua viatu. Alisimama nilipoingia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Tukaongea habari za nyumbani. Kisha akafungua jalada akasema, kwa Kiswahili safi ambacho hakikuhitaji mkalimani, kwamba wakati umefika wa wananchi kujitolea, na kwamba mtu huthamini alicholipia.

Nilifunga mlango wa ofisi yake kwa ndani, nikavuta kiti, nikamweleza yote mliyoyasoma hapa, kwa sauti ambayo makarani wa chumba cha pili waliisikia. Alitaka kunikatiza mara moja, akaghairi. Nilipomaliza alikuwa amekunja mikono juu ya jalada.

"Sasa mzee unataka nifanye nini?"

"Liandike fungu hili kwenye makadirio ya kudumu. Pale pale mnapoandika mishahara yenu. Kijiji kitoe mikono na kokoto kama kilivyotoa siku zote, serikali itoe chuma na fundi, kila mwaka, bila kuombwa na bila mtu kufa."

"Baraza la jimbo linaweza kulikataa."

"Walikatae wakiwa wamesimama, mbele ya watu."

Ameliandika. Nimeliona kwa macho yangu kabla sijakabidhi ufunguo wa meza. Halijapitishwa, na nasikia wako wajumbe wanaosema kuna mambo ya haraka zaidi, kama nyumba za wageni na magari. Juzi nilikwenda Itundwe kumpa Kalunde habari. Nywele zimemgeuka nyeupe, ulimi haujageuka. Aliniuliza baraza linakaa lini, nikamwambia. Aliuliza kama watu wa kawaida huruhusiwa kuingia, nikamwambia yapo mabenchi.

Basi vijana, siku hiyo ya baraza mtakapoingia na majalada yenu msitafute kunisalimia. Nitakuwa benchi la mbele, na Kalunde kando yangu, tukimtazama usoni kila anayenyoosha mkono kupiga kura.